Kioo cha Uvungu

Kazi yangu ni uvungu wa magari.
Nina kioo chenye magurudumu na mpini mrefu,
nakisukuma chini ya injini, natazama
kisichotakiwa kuwepo,
kisha nasema pita.

Usiku wa manane, lango likishafungwa,
Barabara ya Ngong ikibakia na mbwa na baridi ya Julai,
nakiinua kioo hichohicho hadi kidevuni,
nawasha tochi,
nakagua uvungu wa ulimi.

Ghorofa ya tatu wanafundisha matamshi ya Kiingereza.
Wauguzi huja jioni na madaftari, wako mbioni kwenda ng'ambo.
Karatasi yao niliiokota kwenye pipa la taka:
kichwa cha mtu kimepasuliwa kama papai,
ulimi umelala ndani, mishale inauelekeza.
Kichwa chenyewe hakina macho. Cha kuonea nini?

Basi nikaifuata mishale.

Nikisema nafikiri, wao husikia nazama.
Naomba kazi, wanasikia naomba kutembea.
Kwao meli na kondoo hutenganishwa na pumzi tu,
na mimi, kwa irabu saba za nyumbani na tano za shule,
nimeshapakia kondoo wangapi pale bandarini,
wakapiga honi, wakang'oa nanga.
Dunia nayo, ukiidondosha l yake,
hubaki neno tupu.

Kuzama nilikuvuka.
Ulimi katikati ya meno haunitishi,
niliufunzwa darasa la tatu na Mwalimu Kerubo,
aliyenichapa kiganja
mpaka samani zangu zikawa na thamani.

Ni hiyo l.
Kwetu Nyamira haikuzaliwa.
Zamani chawa wote kinywani mwangu walikuwa wali,
watu wakala, hakuna aliyelalamika.
Sasa, kwa kujisahihisha kupita kiasi,
wali wangu umeingia chawa.

Syombua alirudi usiku mmoja kufuata mwavuli,
akanikuta nimeachama mbele ya kioo, tochi shavuni.
Akadhani jino.
Nilipomweleza hakucheka, au alicheka akiwa ameinama.
Akasema: gusa ufizi, hapo nyuma ya meno, usiondoke.
Pumzi itapita pembeni, kama maji yanavyolizunguka jiwe.
Ile r yako inabisha hodi na kukimbia.
L inabisha, inakaa.

Nikakaa nayo.
Lango, nikaliambia lango.
Lori. Lami. Lavington, Lang'ata, Loresho,
mitaa nisiyo na mtu wa kumtembelea
nikaibishia hodi usiku kucha.
Tajiri mmoja alichelewa kurudi, akapiga honi mara tatu,
nikamsukumia kioo chenye mvuke wa pumzi yangu
na sikuona chochote chini ya gari lake.

Ijumaa, karibu na adhana ya alfajiri, ikakaa.
Nikaisema tena kuhakikisha. Ikakaa.
Nikasaini daftari, nikamkabidhi Wekhomba kirungu,
nikashuka Kawangware kwa miguu
huku mafuta ya mandazi yakianza kulia kwenye karai,
na nani mwingine wa kumwambia saa hizo?
Nikampigia mama.

Nilitaka kusema leo, kwa lugha yetu.
Neno la kwanza kabisa la salamu ya habari njema.
Lelo, mama.

Kimya. Nikasikia kuku wake.
Kisha sauti ngumu, ile ya kufukuzia mbuzi shambani:
Wewe nani?
Simu ya mwanangu umeitoa wapi?

Nikasimama kando ya mtaro.
Kioo nimekiacha langoni, tochi pia,
nikaingia kinywani gizani, nikipapasa,
kama anayetafuta swichi katika nyumba aliyozaliwa.

Nikabisha. Nikakimbia.
Rero, mama. Rero.

Akashusha pumzi. Akaguna.
Habari yenyewe hakuiuliza, nami sikuitoa.
Aliuliza kama nimekura.
Nimekura, nikasema.